Jamani, sio kila gari ni ya polishi kali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Najua barua nyingi mnazopata ni za siasa na za Simba na Yanga, hayo nawaachia wenyewe, mimi nina kawoshi hapa Ipuli, Tabora mjini, mwaka wa tisa huu, na kilichonifanya nishike simu niandike usiku huu ni neno moja tu ninalolisikia kila siku ya Mungu. Mtu anaingia, hajazima hata injini, anashusha kioo, "mwangaluka dada, nipigie ile kali." Ile kali, yani polishi kali! Hajaniambia gari ina shida gani, mi mwenyewe sijaizunguka, vumbi limeganda mpaka namba haisomeki, ye ameshajiandikia dawa. Ni kama mtu anafika mapokezi hospitali anaomba sindano ile kubwa alafu ndo aanze kutafuta anaumwa wapi.

Na wa kulaumiwa wa kwanza ni sisi tunaouza hiyo huduma, sikatai. Ngoja nianze na langu.

Nilikuwa mwaka wa tatu kwenye hii kazi. Baba mmoja mstaarabu sana akaleta Harrier nyeusi, Ijumaa mchana, kesho yake binti yake anaolewa na hiyo gari ndo itabeba maharusi. Ilikuwa na ule utando, ukisimama juani unaona vimikwaruzo vyembamba vimezunguka kila penye mwanga kama nyumba ya buibui, vya kufutwa na matambara makavu miaka na miaka. Nikamwambia kijana wangu chukua kompaundi, yani ile polishi kali nzito inayotumika baada ya msasa, funga pedi ya manyoya, maliza. Na mashine yenyewe ilikuwa grainda jamani, grainda ya kukatia vyuma tumeibandika pedi. Nusu saa tu boneti inawaka, unaona majani ya mwembe yamejichora ndani yake, tukagongeana mikono. Kijana akahamia ubavuni, kwenye ule mstari wa mlango uliosimama kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi, akapita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, nikaona kistari cheupe. Nikadhani ni polishi imekauka, nikafuta kwa kidole, haitoki. Nikafuta kwa kanga. Haitoki. Ilikuwa praima, ile rangi ya chini inayopakwa kwenye bati kabla ya rangi yenyewe.

Fundi rangi tulimtoa nyumbani kwake usiku, mlango ukapigwa rangi kwa hela yangu, na kwa sababu rangi ilikuwa haijakauka vizuri ule mlango ulipambwa maua mengi kuliko gari yoyote iliyowahi kubeba bibi harusi Tabora hii. Yule baba alinisamehe. Lakini hilo la mlango sio lililonifundisha, mlango ulitengenezeka. Kilichonifundisha ni boneti, ile ile tuliyogongeana mikono. Kiangazi cha mwaka uliofuata ikaanza kupauka katikati, kingine kilichofuata klia, ile ya juu kabisa isiyo na rangi, ikawa inachunika vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, na mwenye gari alikuwa ananiletea niioshe na hanilaumu, kwa sababu hajui, anadhani ni jua. Mi ndo nilikuwa najua.

Mnaufahamu mkorogo. Dada anapaka, wiki ya pili uso unang'aa, kila mtu anamsifia, na kumbe kinachong'aa ni ngozi ya juu iliyoondolewa. Basi kompaundi kali kwenye gari isiyoihitaji ni mkorogo, sina namna nyingine ya kusema.

Hebu tuelewane gari imevaa nini. Kuna bati, juu yake praima, juu yake rangi yenyewe, alafu juu kabisa klia, ile isiyo na rangi inayoipa gari mng'ao na kuikinga rangi na jua. Magari mengi sana tunayoletewa kutoka Japani yako hivyo. Sasa chukua karatasi moja ya fotokopi, A4 ya kawaida, ibane kwa vidole viwili. Unene wake ni kama mikroni 100, yani sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 mpaka 50 hivi. Nusu karatasi! Na hiyo ni gari ambayo haijawahi kuguswa, lakini gari yako uliyonunua yadi imeshatumika huko ilikotoka, inawezekana imeshapigwa polishi mara mbili tatu kabla hujaiona kwenye picha, hujui umeuziwa nusu karatasi au robo karatasi.

Na polishi ni msasa. Hili ndo watu hawataki kulisikia, wanadhani ni mafuta ya kupaka kama losheni. Ni msasa uliosagwa ukatiwa kwenye uji. Mkwaruzo kwenye klia ni kimfereji, na polishi haijazi ule mfereji, inashusha kingo zake mpaka zilingane na chini. Kwahiyo kila mkwaruzo unaouona umepotea ujue kuna klia imeondoka kuuzunguka. Kali ikiwa kwenye pedi ya manyoya inaondoa mikroni kadhaa kwa mkupuo, laini kwenye sponji inaondoa kidogo sana, na iliyoondoka imeondoka, klia haioti kama nyasi. Alafu vile vitu vinavyozuia jua vimo humohumo ndani ya klia, ndo maana gari inaweza kutoka kwangu leo inang'aa kama kioo na kesho kutwa ikapauka, mng'ao umebaki ila kinga imepungua, na jua la Tabora la mwezi wa tisa na wa kumi hakuna haja nilielezee.

Sasa nirudi kwa huyu wa kwenye kioo, nipigie ile kali. Mimi saivi namwambia shuka kaka, karibu ukae, tunywe chai, gari ioshwe kwanza. Kwa sababu nusu ya magari yanayokuja kwangu kuomba kali hayahitaji hata laini, yanahitaji kuoshwa na mtu mwenye akili. Huku kwetu kila mtu anatafuta kivuli cha mwembe, na miembe ya mji huu ni mingi toka enzi za misafara, uzuri wake mnaujua lakini inadondosha utomvu, na ndege wako juu yake, na kinyesi cha ndege kikikaa juani kinakula klia mpaka kinaacha alama. Alafu nyuki. Sisi ndo watu wa asali, na nyuki wakiwa wanapita wanajisaidia hewani, vitone vya njano vinavyoganda kwenye boneti kama gundi, wageni wanadhani ni rangi imerukia. Na vumbi. Na maji ya kisima yanayokauka yakaacha madoa meupe. Haya yote yanakaa juu ya klia, na mengine ukiyawahi hayajaingia ndani, hayatafuti msasa.

Kuna njia rahisi ya kujua. Gari ikishaoshwa na kukaushwa, vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi (mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu 2019 lakini ile ya kufungia mkate ipo) alafu pitisha mkono polepole juu ya boneti. Utashtuka. Mkono mtupu ulikwambia ni laini, ila kwenye mfuko utasikia vijichembe kama umepapasa msasa. Hivyo vinatolewa na klei, ule udongo wa kusafishia rangi unaofanana na plastisini ya watoto, unalowesha maji ya sabuni, unatelezesha bila kukandamiza, ukiudondosha chini unautupa hata kama umekula hela. Hapo hapo watu wengi gari zao zinarudi kuwa gari, unapaka waksi, mtu anaondoka anacheka na klia yake yote anayo.

Sasa ikibaki mikwaruzo ndo tunaongea polishi, na hapa ndo nataka wasomaji wanisikilize hata kama hamtakuja Tabora kwangu. Usikubali fundi aanze gari nzima. Aanze kipande. Mi nachukua tepu ya karatasi, nakata eneo kwenye boneti kama sentimita 40 kwa 40, naanza na kitu kilaini kuliko vyote nilivyonavyo, polishi ya kumalizia kwenye sponji laini, na mashine napita taratibu mara nne mpaka sita kwa kupishanisha, kushoto kulia alafu juu chini, nafuta, natazama. Mwezi uliopita kuna mwalimu alileta Noah ya bluu iliyokoza, kaja na msimamo wake kabisa kwamba kwenye simu kaona video, anataka kompaundi. Nikamwambia mwalimu shikamoo, naomba unipe dakika kumi tu, kama haikutoka tutafanya unavyotaka wewe. Laini kwenye sponji laini, utando ukapungua nusu. Nikabadilisha sponji tu, nikaweka ngumu kidogo, polishi ile ile. Utando ukaisha wote, gari nzima tukaifanya hivyo hivyo, zikabaki alama mbili tatu pale kwenye kitasa. Kompaundi haikufunguliwa.

Hilo la kubadilisha pedi kwanza ndo siri ambayo niliambiwa nikiwa nimeshaunguza gari ya watu. Ukali hauko kwenye chupa peke yake. Polishi ile ile ukiiweka kwenye sponji laini ni mpole, ukiiweka kwenye pedi ya manyoya imekuwa mtu mwingine, na ukibadilisha mashine imebadilika tena. Kwahiyo ukiona haitoshi, panda ngazi moja, pedi kwanza, ikigoma ndo polishi ya kati, ikigoma ndo ufikirie kompaundi, na kila ukipanda unarudi kwenye kile kipande kidogo na sio kwenye gari. Ukifika panapotosha unasimama hapo na gari nzima unaifanya kwa hicho hicho.

Mtu ataniuliza kwanini usianze na kali uone, ikitoka si umemaliza. Ndio, itatoka. Ila hutojua kama laini ingetoa pia, na ulichotoa zaidi huwezi kurudisha. Mama yeyote anajua, sufuria ikiwa na ukoko unaloweka, unapitisha dodoki, ikigoma ndo unatafuta stilwaya. Ukianza na stilwaya sufuria itatakata, nani kakataa, ila itakuwa na michirizi ambayo utaiona mpaka unaigawa. Na kali kwenye gari inafanya hivyo hivyo, kwenye klia laini inatoa mikwaruzo mikubwa na kuacha ukungu wake yenyewe, kijimvuke fulani kinaonekana juani hasa kwenye gari nyeusi, sasa inabidi upite tena na laini kuondoa uchafu wa kali. Umekata mara mbili.

Ila nisiwadanganye kwamba laini ndo jibu la kila kitu. Kijana wangu wa mashine tunabishana sana, ye anasema dada unatuchelewesha, na kuna siku ana haki. Klia hazilingani. Magari mengi ya Japani klia yake inakubali upesi, ya Ujerumani mengi ni ngumu, unapita na laini unapita unapita hakuna kinachotokea zaidi ya kuipasha gari moto, na gari iliyopigwa rangi upya mtaani haina kanuni, nyingine ni laini kama jibini nyingine ni jiwe. Ukishajaribu kipande mara mbili hakuna mabadiliko, kuendelea na laini kwa ubishi ni kupoteza muda na pedi, panda. Kitu ninachokataa ni kupanda bila kujaribu.

Na kuna magari ambayo kali ndo yenyewe. Mtu katoka Kaliua huko porini, matawi ya miiba yamempiga ubavu mzima, mikwaruzo inaonekana mbali. Au gari imetoka kupigwa rangi, fundi kapitisha msasa namba 2000 akamalizia 3000 kutoa vumbi lililonasa, hapo lazima kompaundi, polishi laini haitoi alama za msasa 2000 hata ukilala nayo. Lakini hata huo mkwaruzo wa mwiba pitisha kucha juu yake kwanza, taratibu, kwa kuukata. Kucha ikipita bila kunasa, tunaweza kuongea. Kucha ikinasa, huo umeenda chini sana, ukilazimisha uishe unashusha klia yote ya pale mpaka ufike chini yake, na chini yake ni rangi. Huo unaulainisha kingo usionekane sana, unaishi nao. Watu hawapendi kusikia unaishi nao. Mwalimu wa Noah zile alama za kitasa tumeziacha, akaniuliza kwahiyo hazitoki, nikamwambia zinatoka ila na klia ya kitasa, akacheka akasema ziache, mtoto wangu ndo kazichora na funguo.

Kuhusu chupa zenyewe. Dukani utaambiwa hii namba kubwa ndo kali au ndo laini, usiamini, kila kampuni ina hesabu zake. Menzerna kwa mfano 400 ni ya kukata na 3800 ni ya kumalizia, namba inapanda ukali unashuka, kama msasa. Meguiar's 105 ndo nzito na 205 ndo ya kumalizia. Sasa mtu akikwambia 400 ni kubwa kuliko 105 kwahiyo ni laini zaidi, huyo anacheza bahati nasibu na boneti yako. Huwezi kulinganisha namba za kampuni mbili tofauti, soma maelezo, au kama hayasomeki paka kidogo sana kwenye kile kipande uone. Na zile kopo zisizo na jina zinazoandikwa tu polishi, ukisugua kati ya vidole ukasikia mchanga, hiyo usiiweke kwenye gari. Dawa ya meno nayo ina msasa ndani yake, mnaoitumia kwenye mikwaruzo mjue mnapiga polishi msiyoijua ukali wake.

Mashine sasa. Grainda ya kawaida inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko inacheza kati ya 600 na 3,000 hivi. Oneni tofauti hiyo, na mi niliweka grainda kwenye gari ya harusi. Ukimkuta fundi amefunga pedi kwenye grainda isiyo na kidhibiti cha spidi, ondoka na gari yako, hata kama bei ni nzuri, hata kama ni shemeji yako. Kuna mashine nyingine inazunguka huku inatikisika, hiyo ni pole zaidi, inachukua muda lakini hata dogo anayejifunza sio rahisi aunguze nayo, ndo ninayotumia kwa sehemu kubwa. Kinachounguza ni joto, kwahiyo kila baada ya muda weka nyuma ya kiganja kwenye bodi, ikikufanya uondoe mkono umepitiliza. Bampa ni plastiki, joto halisambai kama kwenye bati, ndo zinaharibika upesi. Na kwenye mikunjo yote, kingo za milango, kingo za boneti, ile mistari iliyosimama, klia pale ni nyembamba kuliko kwingine, bandika tepu kwanza, mwisho unaondoa unapitisha kwa mkono. Kuna kipimo cha mkononi cha kupima unene wa rangi, nimewahi kuazima kimoja, kinasaidia hasa kukuonyesha sehemu iliyopigwa pati (ile ya kuziba mabonde) na rangi upya, kwa sababu inasoma juu sana kuliko pengine, ila vile vya kawaida vinasoma unene wote kwa pamoja, havikwambii klia imebaki kiasi gani, na kwenye bampa havisomi kabisa.

Halafu kuna wizi mdogo ambao lazima niuseme, wenzangu watanisamehe. Polishi nyingi zina mafuta ndani yake. Fundi anapita haraka haraka, yale mafuta yanajaza vimikwaruzo, gari inang'aa, umelipa, umeondoka. Osha mara mbili, utando umerudi, unarudi kwa fundi, fundi anasema hapo sasa inataka kali. Umeshaona mchezo? Dawa yake ni rahisi, kabla hujalipa mwambie afute kile kipande na spiriti alafu mtoe gari nje mtazame juani, au kama ni jioni washa tochi ya simu uilaze pembeni. Kama mikwaruzo imetoka kweli spiriti haitairudisha. Mi mwenyewe huwa najaza, sikatai, ikija Hiace ya zamani klia imebaki ya kuotea, najaza na waksi makusudi ili nisiiguse, lakini namwambia mwenyewe kwamba baba hii ni poda, ikioshwa itatoka, na namtoza bei ya poda.

Na ile klia iliyoanza kuchunika kama ya boneti yangu ya Harrier, msiniletee. Hakuna polishi, iwe kali iwe laini, inayogandisha klia iliyobanduka. Hiyo ni kazi ya fundi rangi, asugue apulize upya.

Bei ndo inatuharibu, Mhariri. Mteja analipa kwa anachokiona saa ya kukabidhiwa, hakuna anayelipa kwa klia iliyobaki maana haionekani. Fundi wa kali anamaliza magari matatu kwa siku, mi namaliza moja, na aliyepita kwake anang'aa sawasawa na aliyepita kwangu, leo. Kwahiyo ukitaka fundi asilipue, wewe mwenye gari ndo uulize, usiulize itang'aa kiasi gani, uliza ulianza na ipi na kwanini hukuishia hapo. Akikosa jibu la swali la pili hajajaribu kipande. Mimi saivi kujaribu kipande ni bure, na kuna watu tunajaribu, wanatazama, wanasema aa hapo panatosha, wanaenda zao hawajalipa hata mia ya polishi. Kijana wangu hapo ndo ananuna kabisa.

Jumamosi hii kuna mzee wa Isevya analeta Land Cruiser yake nyekundu, ya zamani ile, haina klia, rangi tupu, imepauka mpaka imekuwa ya waridi, ukiigusa unabaki na unga kwenye kidole. Ile pedi itageuka nyekundu na watu watakaopita watadhani tumeiunguza, kumbe kwa rangi ya namna ile ni kawaida, ni rangi iliyokufa ndo inatoka. Yule mzee keshasema anataka kali na inawezekana kabisa safari hii akawa sahihi. Nimemwambia aje saa moja asubuhi kabla bati halijapata moto, tepu ninayo, na chupa ya kwanza nitakayofungua ni ile laini.

Wako,
Mwenye kawoshi, Ipuli, Tabora